Usingizi Yangu na Muti ya Avoka ya Mama Masika

Mwaka 1998, nilikuwa na miaka makumi tatu na mbili, njo mateso ilianza. Mbele ya pale nilikuwa mulimaji wa Eringeti, na shamba ya kahawa na mihogo yenye baba aliniachia, na nilikuwa nalalaka kama jiwe. Ninyi benye mumebakia kwa atelye yetu ya mbao muliniomba niandike mambo ya kazi. Naanza na usingizi, juu kwangu kazi na usingizi ni kitu moja, na mutaona sababu. Sikusoma sana. Nilifika mwaka ya tatu ya primere, baba akasema jembe haiulizake mutu diplome. Kama kuna makosa ya maandiko, rekebisheni ninyi benye mulisoma. Kwa mbao zangu hamutapata makosa.

Vita ilikuwa inapita kwa barabara yetu kama mutu mwenye alisahau kitu: inapanda Ituri, inashuka Beni, inapanda tena. Tukajifunza kulala na nguo. Kisha tukalala na viatu. Usiku moja nililamuka mbele ya batu bote. Hakuna imbwa ililia, hakuna mutu aliita. Nililamuka tu, nikasikia miguu mingi kwa barabara, nikamusukuma bibi yangu Kavira, tukapitisha batoto wetu batatu kwa mulango ya nyuma. Asubui nyumba ilikuwa majivu. Habari ya majirani benye hawakulamuka sitaiandika hapa.

Kutoka siku ile kichwa yangu ilikamata neno moja: mwenye kulala anakufa, mwenye kulamuka anapona. Na kichwa ikikamata neno, kuitoa ni kazi kuliko kutoa musumari ya kutu ndani ya libuyu, ile mbao nyekundu ya pori yenye munaijua.

Tukatembea mpaka Beni. Tulikaa kidogo Mulekera, kwa ndugu ya Kavira, batu wengi ndani ya chumba moja, mpaka mutu akigeuka bote banageuka. Kisha tukapanda Butembo. Batu balisema kule kuna kazi. Hawakusema kuna baridi.

Atelye ya Muzee Mbusa, kwenye nilienda kuomba kazi, ilikuwa paa ya manjanja, yaani mabati, juu ya nguzo za kalitusi, bila ukuta. Ndani kulikuwa mashini moja ya kupasua mbao, na moteri ya mazutu, yaani dizeli, yenye ilikuwa inaizungusha kwa mukaba murefu wa mupira. Courant, umeme ya serikali, hatukuijua, na mpaka leo mutu akiniambia inakuja namuuliza inakuja na miguu ao na pikipiki.

Muzee hakuniuliza jina. Aliniangalia mikono.

«Mulimaji?»

«Ndiyo, Muzee.»

«Udongo inasamehe. Mbao hapana. Iko na njia yake kama manyoya ya mbuzi. Ukiipitisha rabo kinyume, inakutemea.»

Rabo ni ile ya mukono ya kulainisha mbao. Leo munaitumia kidogo sana, na inaonekana kwa milango yenu. Akanipa ufagio. Nilifagia unga ya mbao mpaka nikajua kila mbao kwa harufu yake, kisha njo akanipa rabo, kisha mashini. Hakuwa mutu wa kufundisha na mudomo. Alikuwa na vidole tatu tu kwa mukono wa kushoto. Siku moja nikajipa nguvu.

«Muzee, hizi ingine zilienda wapi?»

«Zilienda kulala. Mimi nilisinzia kidogo mbele ya mashini, zenyewe zikatangulia.»

Akacheka peke yake. Kisha akanionyesha fimbo moja fupi, nyeusi ya mafuta, imechongwa mudomo kwa ncha. Ile njo ya kusukuma kipande ya mwisho ya mbao kwa meno ya mashini, hata siku moja usisukume na mukono. Alinipa sheria tatu zenye na mimi niliwapa: shati ya mikono mirefu ikae kwa nyumba, mutu asimusemeshe mutu mwenye eko kwa mashini, na mwenye hakulala asiguse kitu. Ile ya tatu nilijua nitaivunja siku ile ile.

Juu usiku nilikuwa nalala kidogo, kisha macho inafunguka paa! kama mulango yenye upepo imepiga. Sikuota kitu. Nililamuka tu, moyo inakimbia, masikio inatoka inje kutafuta. Gari inapita, nasikiliza. Mbuzi inakohoa, nasikiliza. Hakuna kitu, nasikiliza zaidi, juu nilifikiri kimya njo mbaya.

Nilijaribu kila kitu ya mujinga. Nilikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi: inakuangusha vizuri, kisha inakulamusha mbele ya saa, na kichwa kama ngoma. Muchana nilikunywa kahawa kubwa kubwa ili nisimame, na ile kahawa usiku inakaa macho pamoja na mimi kama mugeni mwenye hataki kurudia kwao. Saa ya kula nilijitupa juu ya maganda ya mbao, nikalala kitamu, nikajiibia usingizi ya usiku mimi mwenyewe. Nilisikiliza habari kwa radio chini ya bulangeti. Na nilikuwa na saa ya mukono yenye inang'aa ndani ya giza, niliinunua na kiburi zamani za kahawa. Ile saa ilinitesa sana. Naiangalia, nahesabia usingizi yenye imebakia, na ile yenye imebakia inakimbia kama mwizi.

Sasa, muti ya avoka. Jirani yetu alikuwa Mama Masika, mujane, muuzaji wa sombe, majani ya mihogo, mwenye sauti ya kuita mutu kutoka kilima ingine. Muti yake ya avoka iliinamisha tawi moja nene juu ya nyumba yetu. Na kila avenue, kila mutaa, siku zile ilikuwa na desturi, munaijua: mwenye kusikia hatari apige sufuria, mwenye kusikia sufuria apige yake, na batu batoke. Yangu ilikuwa karibu ya kitanda, na mwiko ndani.

Usiku moja ya mvua nilikuwa macho kama kawaida. Kishindo kwa manjanja, juu ya kichwa yangu. Kisha ya pili. Kisha tatu kwa mara moja.

Nikapiga sufuria.

Hakuna sufuria ilipigwa Butembo na nguvu kama ile. Avenue yote ikajibu. Batu balitoka na batoto, na mbuzi, mutu moja na kitanda, tukateremuka ndani ya matope mpaka kwa mabwawa ya majani chini ya kilima. Tulikaa ndani ya mvua mpaka kukacha. Batu bakapanda polepole kuona yenye imebakia. Nyumba zote zilisimama. Juu ya manjanja yangu na chini kulikuwa avoka, mingi, mikubwa, imepasuka.

Mama Masika akaokota moja. Akaigeuza mbele ya batu bote.

«Basoda gani aba?» Akaninyooshea. «Papa Kasereka, hebu angalia vizuri. Iko na galon ya cheo? Ni kapiteni ao ni koloneli?»

Batu bakacheka mpaka wengine bakakaa chini ndani ya matope. Bado bananiita Papa Avoka kwa ile avenue. Batoto benye hawajui sababu nabo bananiita hivyo.

Nilienda kazi na nguo yenye maji. Nilikuwa na haya, na haya yangu inajificha ndani ya kazi, kwa hiyo nikawasha moteri bila kuongea, nikachukua libuyu, nikaanza kupasua. Sauti ya ile mashini ni moja tu, ndefu, inabembeleza. Nakumbuka mbao inaenda. Kisha sikumbuki. Kisha nikasikia kishindo na mashini ikakufa. Muzee Mbusa alikuwa ameuchomoa mukaba kwa moteri na muti murefu. Mukono yangu ilikuwa juu ya meza, bila fimbo, na kidole kikubwa kilikuwa karibu ya meno ya chuma kama ulimi karibu ya jino.

Hakupandisha sauti. Njo ilinitisha.

«Kutoka leo wewe hapana gusa mashini.»

«Muzee, ilikuwa ni juu ya jana tu...»

«Jana? Kasereka, mimi naangalia macho yako kila asubui kama mutu anaangalia mbao. Wewe ni mbao mubichi, utapasuka. Utalainisha na mukono. Siku utalala, utarudi kwa mashini. Kama hapana lala, kuna mutu mwingine mulangoni anatafuta kazi.»

Nilifika nyumbani nikamwambia Kavira tunarudi Mulekera, siwezi kurudishwa nyuma kama mutoto. Alikuwa anatwanga.

«Mashini njo kazi, kulainisha si kazi?»

«Mimi si mutu wa kudharauliwa.»

«Sawa. Basi leo usiku nitapika hiyo kiburi yako na sombe, tuone kama batoto batashiba.»

Hakusimamisha mutwangio. Kesho yake nililainisha miguu ya viti. Siku nyingi zilipita hivyo, na usingizi haikurudi, juu sasa nilikuwa na woga ya pili: woga ya kutolala. Hiyo ni mbaya sana. Ile ya kwanza inakulamusha, ile ya pili inakukatalia kurudi.

Siku ya Mungu moja, kisha ya misa, Muzee akafika kwetu bila kupiga hodi ya mbali. Nilifikiri anakuja kunifukuza na heshima. Akasema: «Nionyeshe kwenye unalalaka.»

Mutu mukubwa kuingia ndani ya chumba ya mutu, kwetu si kawaida. Lakini nani atamukatalia? Akasimama katikati. Akaangalia viatu yangu juu ya kitanda. Panga chini ya muto. Kifurushi ya nguo imefungwa mulangoni. Radio. Ile saa. Sufuria na mwiko ndani.

«Hii si chumba ya kulala,» akasema. «Hii ni barière. Kumebakia tu kamba na askari wa kuomba makaratasi.»

Kavira akacheka, akafunika mudomo. Mimi hapana cheka.

«Muzee, vita haijaisha. Kama nalala, nani atabalamusha batu ya avenue?»

Nilisema tu hivyo. Akakaa kwa kitanda yangu, yeye Muzee Mbusa, na vidole yake tatu akashika sufuria.

«Kumbe. Wewe unachunga avenue yote. Kila usiku, peke yako, tangu ulifika. Nani alikupa ile kazi?»

Nikanyoosha mukono kuchukua sufuria yangu; hakuiachilia.

«Sikukuambia vita imeisha,» akasema. «Mimi si mujinga. Nakuambia mutu moja hawezi kuichunga.»

Mangaribi ile akanichukua kwa kyaghanda. Kwa benye si Banande: ni ile nyumba ndogo ya moto, kwenye wanaume banakaa kuongea mbele ya kulala. Tangu nifike Butembo sikuingia mule, nilijiona mukimbizi. Mama Masika naye akakuja, akasimama mulangoni, kinyume ya desturi, na hakuna mwanaume alipata ujasiri ya kumufukuza. Muzee akaweka sufuria yangu karibu ya moto na akasema maneno machache: huyu mutu amechunga usiku zenu zote, na bure. Sasa mugawane zamu. Mwenye zamu eko na sufuria. Mwenye hana zamu, alale, na kulala kwake haiko ubaya.

Batu bakaangaliana. Mutu akauliza, «Nani ataanza?»

«Leta hiyo sufuria,» Mama Masika akasema. «Usiku ya leo ni yangu. Mimi angalau najua avoka, na najua bunduki.»

Na wakati alikuwa anaenda nayo akanigeukia, na mara hii bila kuchekesha batu. «Lala, Papa Kasereka. Kama banakuja, mimi mwenyewe nitakuita. Sauti yangu unaijua.»

Niliijua.

Kwa usiku ile sikulala vizuri, nisiwadanganye. Lakini niliweka viatu chini ya kitanda. Kavira aliitumbukiza ile saa ndani ya gunia ya maharagi. Kifurushi tuliiacha imefungwa, juu vita ni vita, lakini ikaenda kukaa kwa chumba ya kupikia, kwenye siioni. Na nililamuka kama desturi, nikasikia Mama Masika anakohoa inje kwa zamu yake, nikajua kuna mutu.

Kisha Muzee akanipa dawa yake, yenye yeye mwenyewe alitumia wakati vidole vilikatika na maumivu ilimunyima usingizi. Mama Masika alitoa ruhusa: «Kata tawi, muniachie avoka.» Tukakata ile tawi yenye ilikuwa juu ya manjanja, ikakauka, Muzee akaikata vipande vya umbo ya mwiko, bado na miba.

«Usiku ukilamuka,» akasema, «jipe muda kidogo. Usingizi ikirudi, vizuri. Kama hairudi, usibakie kwa kitanda kugombana nayo. Usingizi iko kama kuku: ukiifukuza inakimbia, ukikaa kimya inakuja yenyewe kudona karibu ya miguu. Toka, kaa kwa kiti. Usiwashe taa. Kamata hii kipande na karatasi ya kusugua, sugua. Hapana haraka, hapana kuuliza saa ni ngapi. Mukono ikiwa muzito, rudi ulale. Na asubui lamuka na jua, hata kama ulilala kidogo. Muchana usijitupe kwa maganda. Kahawa, asubui tu.»

«Na mawazo, Muzee?»

«Mawazo uyaache kwa kyaghanda mbele ya kulala. Uyaseme kwa mudomo, moto iyasikie. Yenye haisemwi njo inakulamusha.»

Basi nikasugua. Mbao ya avoka ni laini, haina kelele, unaisikia na kidole kwenye bado iko na miba na kwenye imekubali. Mwanzo usiku ilikuwa ndefu na miko ilikuwa mingi. Kavira aligawa kwa avenue yote. Mama Masika alipata tatu, akasema sasa tuko na miko mingi kuliko unga, Papa Avoka atafute namna ya kulala mbele hatujakula mbao. Kuna usiku nilirudi kwa kitanda na nikalamuka tena. Kuna usiku bunduki ilikuwa ya kweli, mbali, upande ya Beni, na sufuria ikapigwa na mutu mwingine, tukatoka, tukarudi. Na usiku yenye ilifuata nililala! Nilishangaa mimi mwenyewe. Mutu mwingine alilamuka, alituita, tukapona. Musumari ikaanza kutoka.

Polepole mwiko moja ikakamata juma nzima kuisha. Kisha mwezi. Sikuhesabia, Kavira njo aliona, juu marafiki zake waliacha kupata zawadi.

Asubui moja nilikuwa nalainisha muguu wa meza. Muzee Mbusa akasimama mbele yangu, akaniangalia macho, ile ya kushoto, kisha ya kuume, kama mununuzi. Akatoa ile fimbo nyeusi ya kusukuma mbao, akaiweka juu ya mukono yangu, akaenda kuwasha moteri.

«Wasingya, Muzee,» nikasema. Kinande yetu ya kushukuru.

«Shukuru Masika. Mimi nilikata tawi tu.»

Nilifanya kazi kwa ile mashini mpaka vita ile ikapungua, na nyuma yake. Muzee alizeeka, akaniachia funguo, akakufa kwa kitanda yake, ya libuyu, yenye nilimutengenezea mimi. Alikuwa analala. Ni kifo kizuri kwa mufundi.

Sasa ninyi. Munajua namna nilikuwa napokea mutu mupya: simuulizi kama alisoma, simuulizi kama eko na nguvu. Namuuliza, unalalaka? Wengine balicheka. Wengine balianza kulia pale pale, wanaume wenye ndevu, benye balitoka barabara ya Eringeti na habari zao. Nabo nilipeleka kwa kyaghanda kwanza, na mashini nyuma. Najua usiku zenu kwa miaka hii haziko rahisi. Sisemi muache kuchunga. Nasema mugawane. Na mwenye analamuka katikati ya usiku asijione mugonjwa ao mulaniwa. Mimi hadi leo nalamuka mara na mara. Nasikiliza kidogo, kwa adabu tu, kama mutu anasalimia rafiki wa zamani. Kisha nageuka upande.

Nimemaliza kazi. Yenye niko nayo leo ni hii. Nyumba ya matofali kwa ile avenue ile ile. Kiwanja Mulekera na migazi, miti ya mawese, ndani. Moteri mbili, moja inaumwa. Mbuzi, si mingi. Pikipiki yenye mujukuu anasema ni yake. Bibi yangu Kavira. Batoto batatu, bote wazima, benye banalalaka mpaka jua inawachoma. Kivuli ya muti ya avoka ya Mama Masika, yenye marehemu aliniachia kwa mudomo mbele ya batu. Vidole kumi. Fimbo ya Muzee, hiyo nitawaletea, mahali pake ni kwa mashini.

Na mwiko moja, ya mwisho ya ile tawi. Iko juu ya dirisha karibu ya kitanda, na karatasi yake ya kusugua. Upande moja ni laini kama shavu ya mutoto. Upande wa pili bado iko na miba. Ni miaka mingi sasa naanza kuisugua, na kila mara usingizi inanikamata mbele nimalize.